Mabati ya Ma Ozilia

Lendor alikuwa fundi wa paa, na ufundi wenyewe hakuusomea popote. Aliupata kwa kupanda. Tangu ana miaka kumi na mitano, kimbunga kikishapita tu kijijini Gran Ravin, watu walisikia nyundo kabla ya jogoo, wakajua huyo ni Lendor. Sasa ana thelathini na nne, ana kovu la bati kiganjani, ana mke mwenye mimba ya miezi minane, na ana jina. Rodrigues ni kisiwa kidogo. Ukichafua jina lako asubuhi huku, mchana wanakucheka ng'ambo ya pili. Kwa hiyo jina alilitunza kama mboni ya jicho.

Paa la Lendor haliruki. Ndivyo watu walivyosema, na yeye akikaa pembeni akijifanya hasikii.

Kimbunga cha mwaka huu kilipiga Jumanne, toka alfajiri mpaka alasiri. Saa sita mchana jicho lake likapita juu yao: nusu saa ya kimya, jua jeupe, jani halitikisiki. Kisha upepo ukarudi kutoka upande wa pili, kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua.

Jumatano asubuhi watu wakakusanyika kwa Ma Silvani, mwenye duka. Gran Ravin hakuna anayegusa paa lake kabla ya mzunguko. Wanaanzia nyumba ya chini kabisa karibu na maji, wanapanda wote pamoja mlango kwa mlango, kila mtu anaonyesha upepo ulichomfanyia. Wenzake wanatazama, wanapima, wanatania. Hakuna anayelia peke yake, na hakuna anayedanganya kuwa kapoteza asichokuwa nacho. Nyumba ya Lendor ni ya mwisho kupitiwa. Juu yake, ukingoni mwa genge, imebaki moja tu, ya marehemu Ma Ozilia, nayo imefungwa. Mtu akifa Gran Ravin nyumba yake inafungwa mpaka misa ya mwaka. Hakitoki humo hata kijiko.

"Haya, semeni," Ma Silvani alimimina kahawa. "Mimi nimepoteza bati moja."

"Moja tu?" Huyo Kazimir, mfuga mbuzi, tumbo lake hufika mahali kabla yake. "Mimi nikadhani nimeonewa peke yangu. Na mimi moja! Banda langu la kuku, lile nililolifunga kwa kamba, limesimama. Mayai yako ndani. Hata ufa hakuna."

"Wewe kuku wako wanaogopa kukuacha, watakosa wa kumcheka," mtu akasema nyuma, watu wakacheka.

"Na mimi moja," alisema Ton Alsid taratibu. Mzee huyu ni kaka wa marehemu Ozilia, ndiye anayeshika ufunguo wa ile nyumba. "Lile jekundu. Alilonipigia Lendor juzijuzi."

Kicheko kikaanza kupungua.

"Hebu ngoja," Ma Silvani akaweka birika chini. "Hata langu ni lile jekundu."

"Na langu," akasema mwingine.

"Na kwetu."

Wakahesabu. Nyumba kumi na moja, bati moja moja, yote mekundu, yote ya mkono wa Lendor. Na tangu jana jioni hakuna aliyeokota hata moja, si shambani, si ufukweni, si kwenye miti. Macho yakageuka.

"Fundi," Kazimir akamwambia, "mwaka huu umepigilia kwa mate?"

Walicheka tena, lakini kicheko cha watu wanaongoja jibu. Lendor akacheka nao.

"Na kwako?" Ma Silvani aliuliza. "Limekwenda?"

"Limekwenda," alisema Lendor. Akajisikia akisema.

Halikuwa limekwenda. Alilala chini yake usiku kucha, linamtazama.

Wakaanzia pale pale dukani, ndiyo nyumba ya chini kabisa. Lendor akapanda ngazi, kwa sababu fundi ndiye hupanda, na alichokiona huko juu kikamfanya ashike boriti kwa mikono miwili. Bati likichanwa na upepo huacha nyama: vipande vidogo hubaki chini ya vichwa vya misumari, msumari wenyewe hupinda, ubao hupasuka. Hapa ubao ulikuwa mzima. Misumari yake mipya ilikuwa imesimama kwenye mstari, imenyooka, kofia zake kichwani, safi. Kama vile bati lilikuwa moshi, likapita katikati yake.

"Unaona nini?" Ton Alsid akauliza kutoka chini.

"Upepo tu, Ton."

Nyumba ya pili, vile vile. Ya tatu, vile vile. Watu wakaacha kutania. Kwa Ton Alsid, mzee alipanda mwenyewe na magoti yake mabovu, akagusa msumari mmoja kwa kidole, akashuka.

Sasa ukweli ni huu, na Lendor peke yake ndiye aliyekuwa nao. Miezi miwili nyuma meli iliyoleta mabati ilichelewa. Msimu wa vimbunga unaingia, mapaa yana matundu, watu wanamfuata mpaka chooni: Lendor, Lendor, tusaidie. Akatazama juu, akaona nyumba ya Ma Ozilia, na mteremko wa nyuma wa paa lake unaotazama genge, ambao mtu haufikii wala hauoni. Akajisemea, marehemu hanyeshewi. Akang'oa kumi na mawili. Akayasugua, akayapaka rangi nyekundu, akasema yametoka kwa binamu yake mjini Port Mathurin. Watu wakamshukuru kwa maharage, mahindi, pweza mkavu, na Kazimir akatoa mwanambuzi. Kaka wa marehemu akafunikwa na bati la dada yake mwenyewe, akasema Mungu akubariki. La kumi na mbili Lendor alilipiga kwake, juu ya kitanda.

Na Ozilia si mtu wa kuibia. Alikuwa mwanamke wa pweza, miaka hamsini ndani ya maji ya goti na chuma chake cha kuchomea, mguu mmoja akiuburuta, akiishi peke yake. Alikuazima chochote: sufuria, jembe, kiti. Lakini siku ya kurudisha ikipita, anakuja. Hagongi, haiti. Anasimama kizingitini mpaka wewe mwenyewe ugeuke umwone. Ukianza kuomba radhi anakukatiza: "Changu kinajua njia ya nyumbani. Mimi nakisindikiza tu." Watoto walikuwa wakiigiza hivyo wanacheka. Lendor mwenyewe aliwahi kuigiza.

Walipofika nyumba ya nane hakuweza tena. Akasema anakwenda kumtazama mke wake, akapanda kijia mbio, matope mpaka magotini. Shauri lake lilikuwa moja. Alitoe lile bati, alitupe gengeni, watu wakifika waone tundu kama la kwao. Basi. Atakuwa mmoja wao.

Akapanda. Akaingiza meno ya nyundo chini ya msumari wa kwanza, akavuta. Msumari haukusogea. Akavuta kwa uzito wote. Wa pili, wa tatu. Misumari aliyoipiga mwenyewe, kwenye ubao mlaini anaoujua, imekaa kama imezaliwa humo. Akajaribu kuinua ukingo wa bati kwa vidole. Lilikuwa baridi, na jua limeshawaka.

"Lendor." Renet, mke wake, alikuwa chini, kitandani, anaongea polepole kupitia bati. "Acha kunigongea kichwani. Halitoki."

"Wewe umejuaje kama halitoki?"

"Shuka nikwambie."

"Watu wanakuja, Renet! Sema nikiwa hapa hapa."

Kitanda kikalia, Renet akijigeuza.

"Jana upepo uliponyamaza, wewe ukamkimbilia yule mbuzi wa Kazimir," alisema Renet. "Ulipotoka tu nikasikia mtu juu. Si kitu kimeanguka. Mtu. Hatua, anasimama. Hatua, anasimama. Mguu mmoja anauburuta, kama anatembea majini. Akaja mpaka hapa juu ya kitanda, akasimama. Vumbi likanidondokea machoni."

Lendor alijikuta ameinua miguu yake kwenye bati, hajui aiweke wapi.

"Nikamjua. Nani asiyemjua? Nikamwambia, Ma Ozilia, nina mtoto tumboni na upepo unarudi. Ukilichukua sasa tutalowa wawili. Liache leo. Kesho Lendor atakuletea mwenyewe, mchana, watu wakiona."

"Ukamwahidi hivyo?"

"Ulitaka nimwahidi nini? Pweza? Alikaa. Alikaa muda mrefu. Halafu nikasikia anashuka upande wa genge. Mume wangu, mimi sikukuuliza ulikoyatoa. Sikuuliza kwa sababu nilijua. Lakini mwanangu hazaliwi chini ya bati la maiti. Ulirudishe, au mimi natoka humu na tumbo hili nakwenda kulala kwa kuku wa Kazimir."

Chini ya kijia sauti zikasikika. Watu wamemaliza nyumba ya kumi na moja, wanapanda. Lendor akaona kwanza kofia ya Ton Alsid, kisha tumbo la Kazimir.

Angeweza kushuka akasema neno lolote, kwamba la kwangu nililipigia mara mbili, bahati ya fundi. Wangeamini nusu, nusu ingetosha. Alilifikiria hilo kweli. Kisha akatazama mkono wake juu ya bati, na rangi nyekundu pale alipolishika ilikuwa imetoka yote kiganjani, mbichi, kama aliipaka asubuhi ile.

"Umesema limekwenda!" Kazimir aliita, anahema. "Hilo ni nini?"

"Nimedanganya," Lendor akasema. Akarudia kwa sauti ya juu zaidi, wote wasikie. "Nimedanganya. Haya ni mabati ya Ma Ozilia. Yote kumi na mawili. Niliyang'oa upande wa nyuma nikayapaka rangi. Ton Alsid, nisamehe. Nampelekea lake sasa hivi."

Ma Silvani akapiga ishara ya msalaba.

"Kwa hiyo mimi," Kazimir alisema, "miezi miwili nimelala chini ya Ozilia? Na mbuzi nikakupa?"

"Funga mdomo, Kazimir," alisema Ma Silvani. "Huyu anatetemeka."

Lendor akainama tena kwa msumari wa kwanza. Hakuvuta kwa nguvu. Aligusa tu, ukatoka, kama jino la mtoto lililokwisha kulegea. Yote ikatoka hivyo.

Akalibeba kichwani. Watu wakamfuata kwa mbali, hakuna aliyejitolea kumshikia upande wa pili, na kijia kilikuwa kinateleza. Walipozunguka nyumba ile upande wa genge, wakasimama wote. Paa lilikuwa limerudi. Mabati kumi na moja yamelala kwa mpangilio, kila moja limelalia jirani yake inavyotakiwa, rangi nyekundu hakuna, ni yale yale ya kijivu ya siku zote. Na misumari iliyoyashika ni ile mizee, yenye kutu, ambayo Lendor kwa mkono wake aliitupa gengeni.

Katikati palikuwa na nafasi moja.

Ton Alsid akamletea ngazi. Ndicho kitu pekee alichofanya, na hakumtazama usoni. Lendor akapanda, akalisukuma bati mahali pake, likaingia bila mkwaruzo. Akapapasa mfukoni kutafuta misumari. Hakuileta. Akainuka kushuka akaichukue, upepo uliobaki ukaja kutoka gengeni, mkali, ukampeperushia shati usoni. Bati halikutikisika. Akalishika, akalivuta kwa kujaribu. Lilikuwa limeshashikwa.

Akashuka.

"Nyumba kumi na moja," Ton Alsid alimwambia. "Utaziezeka zote meli ikija. Na hutagusa hata kikombe cha kahawa cha mtu. Ukimaliza, tutaona kama wewe bado ni fundi." Akaondoka.

"Na mbuzi wangu anarudi leo," Kazimir akaongeza, lakini kwa sauti ndogo, anatazama nyuma.

Mchana Lendor akafunga turubai juu ya kitanda. Mvua nyembamba ikaanza. Renet alikuwa amekaa, mikono tumboni.

"Ma Ozilia alisema kitu?"

"Hakusema."

"Basi karidhika. Ozilia asiporidhika haondoki mlangoni."

Lendor akageuka kutazama mlangoni, si kwa kutaka. Mlango ulikuwa wazi. Mvua ilikuwa imelowesha kizingiti chote cha saruji, kimekuwa cheusi kutoka pembe hadi pembe, isipokuwa mahali pawili, padogo, pakavu, pamekaa sambamba kama nyayo za mtu aliyesimama hapo muda akingoja aonekane.

Alipokuwa akitazama, napo tone likadondoka. Kisha lingine. Pakaanza kulowa.