Shahada Isiyofika Kitandani

Shangazi alikuwa akibishania satini ya kijani pale Zhongda, kwenye soko la vitambaa, maumivu yalipomkata. Hakupiga kelele. Alishika ubavu wa kulia, akajikunja taratibu, akaketi juu ya majora yaliyofungwa nailoni kama mtu aliyechoka kupatana. Mwenye duka aliendelea kubonyeza kalkuleta yake, akidhani hiyo nayo ni mbinu ya kutaka punguzo. Mimi nikaona jasho juu ya mdomo wa Shangazi, nikajua si mbinu.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa Sayansi ya Tiba hapa Guangzhou, na Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenileta. Huja kutoka Kariakoo kununua vitambaa vya madera, na kila anapokuja hunipitisha duka hadi duka mbele ya Watanzania wenzake akiniita daktari. Kuna mama mmoja aliwahi kunivulia kiatu katikati ya wateja nimtazame kidole. Nilikuwa nikicheka na kuwaambia wangoje kwanza nimalize. Lakini moyoni koti jeupe nilishalivaa zamani.

"Daktari, usisimame kama nguzo," alisema, meno ameyauma. "Nipeleke."

Hospitalini tulipokewa na daktari mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha kwenye nywele, chupa ya chai ikitoa mvuke mezani. Alinisemesha Kichina polepole, nami nikawa nayapokea maneno na kuyapeleka, huku na huko. Maumivu yanaanza lini? Baada ya kula. Kula nini? Shangazi akaniambia niseme wali kidogo. Nikamwambia daktari nyama ya kondoo yenye mafuta, kwa sababu nilikuwepo. Daktari akauliza mbona mkalimani anajua kinachotafutwa kabla hajaulizwa. Nikamjibu kwamba nasoma tiba. Uso wake ukafunguka. Akanivuta upande wa pili wa kitanda, akaushika mkono wangu, akauweka chini ya mbavu za Shangazi, wake juu ya wangu, akaniambia nimwombe avute pumzi.

Shangazi akavuta. Katikati pumzi ikakwama, kama mlango uliogonga kiti.

Ukurasa unaoeleza jambo hilo nilikuwa naujua kwa moyo. Nilijua kwamba kifuko cha nyongo kikivimba, mgonjwa akivuta pumzi kinashuka na kugusa vidole vyako, naye hukatika pumzi. Kile ambacho ukurasa haukusema ni kwamba tumbo la mtu lina joto, na kwamba hofu yake unaipata viganjani kabla hajaitamka. Katika miaka yote hiyo ya darubini, chembe na mirija ya kioo, huyo alikuwa mgonjwa wangu wa kwanza kumgusa. Sikuona ajabu. Niliamini wodi zitakuja. Kozi yangu kwa Kichina inaitwa jichu yixue, tiba ya msingi, na mimi natoka mahali ambapo baada ya shule ya msingi kuna sekondari. Kila mtoto anajua. Niliusahau mtihani ulio katikati.

Daktari, bado ameushika mkono wangu, akaniuliza wodini naanza lini. Nikamtajia jina la kozi.

Mkono wake ukaondoka juu ya wangu. Hakuuondoa kwa ukali. Aliuondoa kama mtu aliyegundua kwamba amemshika bega asiyemfahamu.

"Aa, jichu," alisema kwa upole. "Linchuang, meiyou."

Linchuang ndilo neno lao la tiba ya wagonjwa, tiba anayosomea daktari. Ukilipasua, ni kuwa karibu na kitanda. Na meiyou ni hakuna, haipo. Katika kozi yangu, kitanda hakipo. Akaendelea kueleza, sauti imeshuka: wanaosoma kozi hii huwa watafiti, watu wa maabara, haiwapeleki kwenye mtihani wa leseni, yeye alidhani nimeshaambiwa. Nilimsikia vizuri kabisa, na kila neno nilielewa, na bado nilikuwa nikingoja sentensi imalizike kwa namna nyingine. Sakafu ilikuwa palepale. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Nilishangaa kwamba chai inaendelea kutoa mvuke.

Sasa, Kichina cha Shangazi ni cha sokoni. Hajui kuuliza njia wala kuomba maji, ila anajua bei gani, punguza na sitaki. Na kuliko yote analijua meiyou, kwa sababu ndilo analorushiwa kila akiulizia rangi iliyokwisha, na mwenye duka huwa hainui hata macho.

"Amesema meiyou," alisema. Alikuwa ameinuka kwa kiwiko. "Nimemsikia. Hakuna nini?"

Niliitazama chupa ya chai.

"Hakuna dawa?" Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwa daktari, yakarudi. Daktari alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma haihitaji mkalimani. "Mwanangu, kama ndiyo naondoka niambie. Nipige shahada yangu nikiwa bado na akili zangu."

Kisha kweli akajilaza chali, akavuta mtandio ukae sawa, midomo ikaanza kucheza.

"Shangazi, si wewe," nikasema. "Ni shahada yangu mimi."

Midomo ikasimama. "Yako ina nini?"

"Haina udaktari ndani yake, haifiki kwenye kitanda cha mgonjwa. Hicho ndicho anachosema hakuna. Wewe una mawe kwenye nyongo, labda, watakupima. Yanatibika."

"Alhamdulillahi," akasema, na mwili wote ukalegea kwa raha, mikono ikafunguka juu ya shuka. Kisha nikamwona akisikia alichokishukuru. Raha ikamtoka usoni, akanitazama kama ananiona nikianguka kutoka mahali na yeye amelala, hawezi kunidaka.

Nikamkumbuka yule wakala wa Dar es Salaam aliyenitafutia chuo, kijana mstaarabu, ambaye hakutudanganya hata neno moja. Alisema hii ni njia ya kuwa daktari. Tulikuwa wanne sebuleni siku ile, na sote tulisikia daktari. Njia hakuna aliyeisikia.

"Mwambie aongeze hicho kitanda," Shangazi akasema.

"Hakiongezwi, Shangazi."

"Umemuuliza? Wachina ukinyamaza wanakupa hivyohivyo."

Nikamuuliza, kwa aibu. Daktari hakucheka. Alisema wapo wanaomaliza kozi kama yangu kisha wanaomba udaktari wenyewe, upya, hapa au nchi nyingine. Nafasi ni chache. Hapa usaili ni kwa Kichina, na huko wodini wazee wa Guangzhou wanalalamika kwa Kikantoni. Wengine wanapata. Akasema shahada itanifikisha mlangoni ikiwa na alama nzuri. Kuingia ni jambo jingine. Akaandika kipimo cha ultrasaundi, akaita mgonjwa mwingine.

Tulikaa kwenye korido, kwenye viti vya plastiki vilivyoungana. Simu ya Shangazi ilikuwa inatetemeka mfululizo. Kikundi cha familia kilikuwa kimepata habari kwamba ameanguka sokoni, na watu walikuwa wakituma dua. Akabonyeza ujumbe wa sauti.

"Sijafa," akawaambia. "Ni mawe tu, nitapimwa. Na mtoto ana habari yake, atawaambia mwenyewe."

Akaisogeza simu hadi mdomoni kwangu. Kidole gumba chake kilikuwa bado kimebonyeza. Sekunde zilikuwa zinahesabika kwenye kioo, na kilichokuwa kinarekodiwa ni viatu vya wauguzi na pumzi yangu. Nilimtazama aniachie. Hakuniachia. Mama alikuwa upande wa pili, baba pia, na binamu ambao huniandikia wakiniuliza kuhusu homa za watoto wao.

"Mama," nikasema. "Sisomei udaktari. Nasomea sayansi ya tiba, nilidhani ni kitu kimoja. Nimejua leo, sasa hivi. Nikimaliza nitaomba udaktari, itakuwa kuanza upya. Naweza nisipate."

Nilitafuta kitu kingine cha kusema, kitu kizuri cha kuwawekea mwishoni, nikakikosa. Shangazi akangoja kidogo, akahakikisha nimemaliza. Kisha akainua kidole, na ujumbe ukaenda.