Sabuni ya Nyuma ya Tangi

Mama Pacha alikuwa fundi wa pasi, tena si mchezo. Shati likipita mikononi mwake, mwenye shati angeona haya kulivaa asije akalikunja. Na kwa ustadi wote huo, jamani, alikuwa analala na njaa!

Pale kwenye kiwanda cha kufua nguo alikofanya kazi, kila mwisho wa mwezi wafanyakazi walipokea mshahara kamili unaotakiwa na sheria, wakatia sahihi mbele ya karani. Kisha wakazunguka nyuma ya tangi la maji, mmoja mmoja, kumrudishia msimamizi theluthi. Jambo hilo waliliita kurudisha sabuni. Wizi mtupu, tena wizi wenye foleni!

Mwaka huo maji yalizidi unga. Mwenye nyumba alishamtolea godoro nje mara moja, na wanawe pacha walikuwa wanashindia uji. Aliposikia mkaguzi wa kazi anakuja, akawaambia wenzake, "Tukisema sote, msimamizi hawezi kutufukuza sote." Wakaapa.

Mkaguzi akaja, akawapanga mstari, msimamizi kasimama papo hapo. Akawauliza kama wanalipwa kima cha chini. Mama Pacha akapiga moyo konde, akaeleza yote, mpaka tangi akalionyesha kwa kidole.

"Ni kweli?" mkaguzi akawauliza wengine.

Watu wazima na akili zao, wote wanaangalia vidole vya miguu! Mkaguzi akamgeukia mdogo wake Mama Pacha, wa tumbo moja, ambaye dada mtu ndiye aliyemtafutia kazi ile.

"Mimi napokea zangu zote," akasema, machozi yanamtoka. "Dada ana matatizo yake ya nyumbani."

Jioni haijafika, Mama Pacha yuko nje ya geti. Mdogo wake akamfuata mbio.

"Nitukane, dada. Lakini tukifukuzwa wote wawili, pacha watakula nini?"

Kilichomuuma Mama Pacha zaidi ni kwamba mdogo wake kasema kweli.

Mwisho wa mwezi mdogo mtu akaja na unga, mfuko mdogo kuliko aliouahidi pale getini.

"Mbona hivi?"

"Siku hizi tunarudisha nusu, dada. Msimamizi anasema mkaguzi alituuliza wenyewe, na hatukulalamika."

Mama Pacha akaupokea ule unga, akabandika sufuria.