Salfa Ndani ya Mshono

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu asisikie haya. Ni siku ambayo mjomba wangu, mkulima wa korosho wa Narung'ombe, aliingia uani kwangu Nachingwea akisukuma baiskeli, na kwenye keria amefunga mashine yake ya kupulizia salfa. Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni. Fremu ya mashine, ile inayobebwa mgongoni, ilikuwa imekatika chini, pale injini inapokalia, na mikorosho yake ilikuwa imeshaanza kuchanua. Ubwiri, ugonjwa ambao salfa ndiyo dawa yake, haumsubiri mtu. Maua yakishashikwa na ule unga mweupe, korosho hakuna mwaka huo.

Wakati ule, mwanangu, nilikuwa nimepata mashine ya kuchomelea ya waya, kama hiyo uliyonunua wewe juzi. Shemeji yangu aliniletea kutoka Dar. Mafundi wenzangu wote walichomelea kwa vijiti, mimi natumia waya unaojitoa wenyewe, basi kichwa kikavimba. Nikamwambia mjomba akae anywe chai, ikiisha na kazi itakuwa imeisha.

Chai iliisha, kazi haikuisha. Mshono ulitoka vitundu vitupu, kama kitumbua. Nikasema ni umeme, maana mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa taa zetu zilikuwa zinafifia, na umeme ukipungua chuma hakiyeyuki vizuri, waya unalala juu tu. Nikasubiri jirani amalize kusaga. Vitundu vilevile. Nikasema ni upepo, unapeperusha moshi unaokinga chuma kikiyeyuka, nikamwomba mke wangu kanga mbili tukazitundika kuukinga. Vitundu vilevile. Nikaongeza kasi ya waya, ukakwama kwenye ncha na kujisokota ndani ya mashine kama uzi wa cherehani, nikapoteza saa nzima kuukata na kuunyoosha. Nikafungua mashine kutazama kama nimefunga sawa chanya na hasi, kwa kuwa waya wenye dawa ndani una upande wake. Nilikuwa nimefunga sawa. Na mjomba yupo kwenye kigoda, anatazama tu.

Hapo nikafanya jambo ambalo linaniwasha hadi leo. Nilichukua grenda nikausawazisha mshono, vitundu nikaviziba kwa filla ya mafundi wa bodi za magari, juu nikapiga rangi ya silva. Ukaonekana umetoka kiwandani. Mjomba akaupapasa, akanisifu, akasema marehemu mama yangu angekuwepo angefurahi. Nikaitikia asante, mwanangu. Niliitikia bila haya.

Siku ya tatu alirudi anachechemea. Fremu ilikuwa imekatika palepale akiwa katikati ya shamba, injini ikamwangukia kwenye kisigino. Nilimpa shikamoo, akaitikia taratibu. Kwetu sisi Wamwera mjomba ana amri juu yako pengine kumshinda baba, kwa hiyo angeweza kunisema mbele ya mke wangu na nisingefungua mdomo. Badala yake aliweka fremu chini, akaokota msumari, akakwangua rangi mpaka vitundu vikatokea.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, mjomba."

"Mashine yako ni ya kujifunzia, sikatai. Mgongo wangu si wa kujifunzia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Machozi yalinilenga, mwanaume mzima na watoto wawili. Yeye akavuta kigoda, safari hii karibu kabisa, akaniambia nichomelee tena aone. Niligusa chuma mara moja tu, moshi ukapanda, mjomba akapiga chafya na kuanza kucheka. Akasema moshi huo unanuka salfa, harufu hiyo yeye analala nayo kwenye nguo msimu mzima. Nikanusa na mimi. Kumbe hata siku ya kwanza ilikuwepo, ila nilikuwa nimekazana kugombana na umeme na upepo.

Bomba la fremu lilikuwa limeshiba unga wa salfa kwa ndani, miaka yote aliyopulizia. Kila nilipoyeyusha chuma, salfa ilichemka humohumo na kuacha vitundu. Mimi nilikuwa nimeng'arisha nje, ndani sikutazama. Tukakata kipande chote kibovu, tukaosha fremu kwa maji ya moto na sabuni, tukaianika juani, kisha nikasaga pande zote mpaka chuma kikang'aa na kuweka bomba jipya. Kabla ya kulichomelea nilijaribu kwanza kwenye chuma chakavu, nikakipiga nyundo kuona kama mshono utaachia. Haukuachia. Mjomba akaondoka jua bado lipo. Mikorosho michache ya bondeni ilikuwa imeshapigwa na ubwiri, mingine yote ikapona, na msimu ule tulikula korosho za kukaanga mpaka watoto wakazikinai.

Basi mwanangu, mshono ukitoka vitundu usianze kuilaumu mashine. Anza na chuma, kimepakwa nini na ndani yake kimebeba nini. Ndipo uje kwenye upepo, na umeme, na waya wenyewe. Muulize mwenye chombo anakitumiaje, maana anakijua kuliko wewe. Ukishindwa sema umeshindwa, mtu akatafute fundi mwingine angali ana muda. Na rangi ya silva usiifungue mpaka umejibu lile swali la mjomba. Mimi hujiuliza hadi leo, kila ninaposhika kopo.

Mungu akulindie macho yako, akupe mkono mtulivu. Na kila atakayebeba kazi yako mgongoni, Mungu amjalie arudi kwako anatembea vizuri, amekuja kukusalimia tu.