Nyumba Iliyohamwa na Paka

Katika miezi ya mwanzo ya Uhuru, paka wawili wa fundi Mbaruku, pale Igogo, walihamia nyumba ya pili, kwa Tereza, mke wa mfanyakazi wa reli. Hawakufukuzwa wala hawakupigwa. Waliondoka kama watu waliokwisha kufikiri, mmoja leo, mwingine kesho, na hawakurudi hata kusalimia. Mwaka ule nchi ilikuwa na mambo mengi ya kutazamwa. Igogo ilitazama paka.

Kwa kweli haikuwa Igogo yote. Alikuwa Bimdogo, mjane aliyekaa mkabala na nyumba ile, na aliyoyaona Bimdogo asubuhi yalikuwa yameonwa na mtaa mzima kufikia adhuhuri. Alikuwa na njia yake ya kufanya kazi. Moto wake ulizimika kila siku saa ya watu kupika, naye akatoka na kigae kwenda kuomba kaa la moto. Hakuna anayemnyima mtu kaa la moto. Na mtu akiinama mafigani kuchagua kaa, macho nayo hayawezi kufungwa, yataona sufuria na kilichomo. Kwa njia hiyo Bimdogo alijua chakula cha nyumba zaidi ya kumi, na hakuwahi kununua kiberiti.

Nyumba ya Mbaruku aliijua kuwa ya wali na samaki. Mbaruku mwenyewe ndiye aliyehakikisha hilo linajulikana. Alikuwa fundi wa nguo mwenye cherehani ya miguu, amekodi sehemu ya kibaraza karibu na soko, na sokoni alikwenda mwenyewe na kikapu kisicho na kifuniko. Mkia wa sato ulining'inia nje ya kikapu kutoka sokoni mpaka Igogo, naye akisalimiana na watu njia nzima. Bei hakubishana. Alisema kubishana bei ya samaki ni kazi ya mtu asiyejua bei ya jina lake.

Mkewe aliitwa Mwaija, mzaliwa wa Ukerewe. Juu yake mtaa haukuwa na mengi. Mtu akiulizwa Mwaija ni nani alijibu, "Mke wa fundi," akafikiri kidogo, kisha akajibu tena, "Mke wa fundi."

Lakini Mbaruku alikuwa anadaiwa, na deni lilianzia kwenye bendera. Miezi michache kabla ya Uhuru Mbaruku alipiga hesabu kwamba kila nyumba, kila duka na kila baiskeli itataka bendera, na rangi alizijua kwa bendera ya chama kilichodai Uhuru: kijani na nyeusi. Alichukua majora ya kijani na meusi kwa mkopo kutoka kwa Shaibu, mfanyabiashara wa vitambaa, akashona mpaka mguu ukafa ganzi. Bendera ya taifa ilipotangazwa ilikuwa ya kijani na nyeusi, na fito za manjano kati ya rangi hizo. Wakati huo kitambaa cha manjano kilikuwa kimekwisha mjini. Wengine walikuwa wamenunua manjano wakakosa nyeusi, lakini hao hawakuwa faraja. Kisha zikaja bendera zilizokwisha kushonwa, nzuri, za bei ndogo. Mbaruku alisherehekea Uhuru kwa moyo wote, chini ya bendera ya mtu mwingine.

Baada ya sherehe Shaibu alitaja masharti. Alipwe kidogo kidogo kila mwezi, na kabla ya msimu wa kuuza pamba deni liwe limekwisha. Lisipokwisha, cherehani ihamie kwenye kibaraza cha duka lake. Mbaruku akipenda, aje nayo, alipwe mshahara.

Msimu wa pamba ndio mavuno ya fundi. Wakulima wanashuka mjini na pesa, kila mmoja anataka suruali, mkewe gauni, watoto kaptula. Kushona msimu ule kwenye cherehani iliyokuwa yako, ukimshonea Shaibu, mbele ya watu wale wale waliouzoea mkia wa sato: hilo Mbaruku hakuweza kulifikiria akiwa amekaa. Alisimama ndipo akamwambia mkewe.

"Mama Zakia, kuna jambo."

"La Shaibu," alisema Mwaija. Alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha.

"Umejuaje?"

"Tangu mwezi jana unakwenda msikitini kwa njia ya nyuma."

Mbaruku alimweleza yote, kisha akamweleza lililokuwa baya zaidi. Deni lenyewe lisijulikane. Miaka michache nyuma fundi mmoja alibanwa na madeni akatorokea Musoma na vitambaa vya watu, na tangu hapo mwenye kitambaa chake hakumpa fundi anayedaiwa. Watu wakijua, wangekuja kuchukua vitambaa vyao, na fundi asiye na kitambaa cha kushona hulipa deni kwa kitu gani? Shaibu naye alinyamaza, kwa sababu zake. Alikuwa na wadaiwa wengine, na hakutaka wasikie kwamba yeye ni mtu wa kungoja.

"Nimekwisha kufikiri," alisema Mbaruku. "Nitapunguza sigara."

"Kwa siku unavuta ngapi?"

"Mbili."

"Utapunguza ngapi?"

"Moja."

Mwaija alimwaga pumba, akasimama. "Nipe kikapu," alisema. "Na pesa ya matumizi yote, si ya siku moja moja."

Mwaka ule kukabidhiana madaraka kulikuwa kwingi nchini, na kwingi kulikuwa na gwaride. Kwa Mbaruku hakukuwa na hata bendera, ingawa kitambaa bado kilikuwepo chini ya kitanda.

Mwaija alianza na wali, ukatoka, ukaingia ugali wa muhogo. Sato naye akatoka, wakaingia dagaa, walionunuliwa ufukweni kwa wenyewe wanaowaanika juu ya mawe, ambako hakuna mtu wa mtaani anayekwenda kutembea. Sukari ilibaki kwenye kopo kwa ajili ya mgeni, na Mwaija akajua kuongea na mgeni uani akiwa amesimama, jambo linalowafanya watu wakumbuke walikokuwa wanakwenda. Taa ilizimwa mapema. Mwezi wa mfungo ulipofika, mwezi ambao nyumba nyingi hutumia zaidi, Mbaruku alifuturu kila jioni katika nyumba tofauti, kwa ucha Mungu ambao mtaa haukuwahi kuuona kwake, na Mwaija na binti yake Zakia wakafuturu uji.

Hayo yalikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuyafanya yasionekane, maana nyumba za Igogo zilipakana kwa ua wa mabua, na mabua yana masikio. Nyumba ya wali husikika ikitwanga. Kwa hiyo Mwaija alitia pumba kwenye kinu, akazitwanga jioni kwa mwendo ule ule, akipumzika pale ambapo mtu hupumzika. Nyumba ya samaki husikika kwa pua. Kila jioni alichukua kitunguu kimoja, kidogo kuliko vyote, akakikaanga kwa mafuta ya kulamba, karibu kabisa na ua, upepo wa ziwa ukimsaidia. Kisha waliingia ndani wakala dagaa, na kile kitunguu.

Bimdogo alikuja na kigae chake. Alimkuta Mwaija amekwisha kumtolea kaa mpaka mlangoni.

"Umejisumbua, mwanangu, ningeingia mwenyewe."

"Utaingiaje na miguu yako inauma, mama."

"Miguu imepoa leo."

"Alhamdulillahi," alisema Mwaija, na akabaki mlangoni.

Siku ya kwanza hilo lilikuwa adabu. Siku ya nne Bimdogo aliliona kuwa ukuta. Alimvizia Zakia akitoka kisimani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jana mlikula nini?"

"Chakula, bibi."

"Chakula gani?"

"Cha jioni."

Mtoto alikuwa amefundishwa, au alizaliwa hivyo. Kwa upande wa mama inawezekana kabisa. Ndipo Bimdogo alipogeukia paka. Nyumba inanukia kila jioni kitunguu cha samaki, na paka wameihama. Jalalani hakuna magamba wala mwiba. Mtu atasema uongo, alisema Bimdogo, lakini paka hana sababu.

Mpaka hapo alikuwa amefika mbali kuliko watu wengi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nyumba ile haili samaki, na inaficha kuwa haili. Lililobaki lilikuwa kujua sababu tu, na hapo ndipo uzoefu wake ulipompoteza. Marehemu mumewe aliwahi kubana matumizi ya nyumba kwa mwaka mzima bila kusema kwa nini, na kilichotokea mwisho wa mwaka kilikuwa mke wa pili kutoka Tabora. Bimdogo hakuhitaji ushahidi mwingine. Mbaruku anakusanya mahari.

Habari ilipita vizuri sana. Ilikuwa na fundi aliyenyooka, mke asiyesema, na mwanamke mwingine ambaye kila mtu angeweza kumchagulia sura. Na mtu anayeongeza nyumba ni mtu mwenye pesa. Wateja walizidi. Watu waliokuwa wakileta kitambaa cha shati moja walileta cha mawili. Muhidin, mwenye duka la chumvi na mabinti wanne, alianza kumsalimia Mbaruku mara mbili kwa siku, ya pili bila sababu yoyote.

Mbaruku alitakiwa kukanusha. Alipiga pasi kanzu.

"Huyo mwenzangu," Mwaija alimwuliza, "ana jina?"

"Mama Zakia, hata mimi sijaambiwa," alisema Mbaruku, na kicheko kikamtoka.

"Basi usikanushe wala usikubali. Ukiulizwa, cheka kidogo."

"Nicheke vipi?"

"Kama ulivyocheka sasa hivi."

Jambo ambalo hakuna aliyelihesabu ni kwamba Shaibu naye ana masikio. Ijumaa moja mwezi wa tano, watu wakitoka msikitini jioni, alibisha hodi bila kualikwa, akakaribishwa mkekani sebuleni, na hakuzunguka.

"Fundi, nasikia unaongeza nyumba."

Mbaruku alicheka kidogo, kwa mazoea. Ilikuwa kosa.

"Mwenye pesa ya mahari ana pesa yangu," alisema Shaibu. "Mimi unaniletea vishilingi kila mwezi kama unanihurumia, kumbe nyingine unaziweka. Jumatatu nataka iliyobaki, yote. Au cherehani. Msimu hauko mbali, na kibaraza changu kiko wazi."

Mbaruku alianza kuapa. Mtu anayedaiwa akiapa haongezi kitu, na yeye mwenyewe alilisikia hilo, akakatikia njiani. Kule ndani Mwaija alikuwa amesikia kila neno. Angeweza kutuma mtu kwa Tereza kuazima kuku. Ndivyo mgeni wa namna ile anavyolishwa, na ndivyo Shaibu alivyotarajia. Kumwekea mgeni unachokula mwenyewe siku za shida ni kumtukana, au ni kuvua nguo mbele yake.

Alileta maji, wakanawa. Kisha akaleta ugali wa muhogo na bakuli la dagaa, akaweka chini, akakaa karibu na mlango.

Shaibu alitazama bakuli kwa muda.

"Mama Zakia, nimewajia ghafla. Samahani."

"Ungetuma habari tangu jana ungekuta hivi hivi, bwana Shaibu. Hiki ndicho tunachokula tangu kabla ya mfungo."

"Na hicho kitunguu? Nimekisikia tangu njiani."

"Kitunguu ni cha majirani."

Shaibu alielewa polepole, na ilionekana. Kwanza alimtazama Mbaruku, aliyekuwa anatazama mkeka. Kisha akaonyesha bakuli kwa kidole. "Zile shilingi za kila mwezi zilitoka humu?"

"Zilitoka humo."

"Na mke wa pili?"

"Humo hatoki," alisema Mwaija.

Shaibu alimega tonge, akachovya, akala. Alikula mpaka mwisho, bila kusema kama ni tamu au si tamu, akaomba pilipili mara moja. Alipomaliza kunawa alisema atangoja mpaka nusu ya msimu wa pamba, siyo zaidi. "Lakini mtu asijue kuwa nimengoja," alisema. "Mkisema, nitakataa."

"Tutasema nini," alisema Mbaruku, "na sisi hatudaiwi?"

Wakati hayo yakiendelea mlango wa uani ulikuwa peke yake kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Bimdogo aliingia na kigae. Alifunua sufuria, akatazama, akafunika. Sauti za sebuleni zilimfikia vizuri, na alikaa na kaa lake kigaeni mpaka lilipozimika.

Jioni ile Mwaija alipoona kigae kimesahauliwa mafigani, hakumwambia mumewe kitu. Alihesabu vitambaa vya wateja vilivyokuwa ndani, akavikunja vizuri, ili wenyewe wakija kuvidai wasivikute na makunyanzi.

Bimdogo alisema. Alisema kisimani, alisema sokoni, alisema kwa Tereza huku paka wakisikiliza. Hakuna mke wa pili. Kuna deni, na kuna dagaa. Alikuwa ameona kwa macho na kusikia kwa masikio, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuongeza neno.

Hakuna aliyeamini. Habari ile ilikuwa kavu mno. "Shaibu alishwe dagaa, na akae kula?" mwanamke mmoja alisema. "Labda ni dawa." Wengine waliona kwamba Bimdogo amehongwa na familia ya bibi harusi ili azime maneno mpaka siku yenyewe. Muhidin wa chumvi alifika akampa Mbaruku kitambaa cha kanzu, yadi za kutosha, akakataa kuambiwa itakuwa tayari lini.

Vitambaa havikudaiwa. Msimu wa pamba ulifunguliwa, wakulima wakashuka, na Mbaruku alishona mpaka usiku ukawa unamkuta na mchana unamwacha pale pale. Kabla nusu ya msimu haijafika alikwenda kwa Shaibu, akarudi mapema, akakaa uani.

"Imekwisha," alisema.

"Yote?"

"Yote. Cherehani ni yangu." Alitazama ua wa mabua. "Nataka kumwambia mtu."

"Umeniambia mimi."

"Mtu mwingine."

Hapakuwa na mtu mwingine. Huwezi kushangiliwa kwa kutoka katika deni ambalo hukuwahi kuwa nalo. Mbaruku alivuta sigara ya pili.

Kesho yake Bimdogo alikuja, akaingia mpaka ndani bila kuzuiwa, akakaa kwenye kibao.

"Mwanangu, niambie mimi peke yangu. Niliyoyaona siku ile, ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na deni?"

"Limekwisha jana."

Bimdogo alivuta pumzi, akashusha. Alikuwa na habari kamili, mwanzo mpaka mwisho, kutoka kwa mwenyewe. "Nani atanisadiki?"

"Hakuna, mama."

"Basi nipe ile nyingine. Watu wananiuliza harusi ni lini, mimi niseme nini?"

Mwaija alifikiri. Alifikiria kanzu ya Muhidin, na mashati ya wale walioleta mawili badala ya moja. Katika mambo yote aliyoyapunguza na kuyaongeza mwaka ule, harusi hiyo ndiyo pekee ambayo haikumgharimu senti.

"Sema imeahirishwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka msimu mwingine wa pamba," alisema Mwaija, na akammiminia chai.