Sita Ambao Sikuwaandika

Rafiki yangu Mkongo nilimwonea kijicho tangu siku aliyohama. Tulikuwa tukitunza wazee pamoja huko Ingleburn, Sydney. Kisha yeye na mumewe wakapata nyumba kwenye kitongoji cha mashambani, mbele ya Penrith: ua mpana, kuku, watoto sita wakikimbizana. Mimi nikabaki Minto, peke yangu katika fleti, na Korona ikanifungia humo. Alinipigia video kunionyesha lengalenga zake, mchicha wa kwao. Nilimwambia hongera huku roho ikiniuma.

Sensa ya 2021 ikampa jingine la kuringia. Kitongoji chao hakina halmashauri yake, kiko chini ya mji wa mbali. Lakini jirani alimweleza kwamba wahesabuji hawajali halmashauri. Wanatazama nyumba zilizokaribiana na watu waliolala humo usiku wa sensa. Wakifika mia mbili, mahali pale panapewa mstari wake na jina lake katika jedwali la sensa. Wakiupata mstari huo wangekuwa na cha kuonyesha wakiomba basi la shule, maana watoto hutembea karibu saa nzima kando ya barabara ya malori.

Kuku, bustani, na sasa jina! Mimi katika hesabu hiyo nilikuwa tone tu ndani ya Sydney.

Mchana wa sensa akanipigia nimjazie fomu, kwa kuwa mimi Mkenya Kiingereza kinanipanda. Nikauliza mko wangapi.

"Andika mimi na bwana yangu, dada. Batoto habahesabiwake. Mungu anabajua."

Nilimwelewa. Hata bibi yangu kule kwetu alikataa katakata kutaja idadi ya wajukuu, asije akawaletea balaa. Nilijua pia kwamba fomu inataka kila aliyelala nyumbani, hata mtoto mchanga wa jana. Neno moja la kumweleza lingetosha. Nilinyamaza, nikaandika wawili, nikatuma. Nisidanganye, nilijisikia vizuri sana, nikajipikia chapati.

Mwaka uliofuata akapiga tena, sauti imemwishia. Kitongoji chao hakikupata mstari. Kilitupwa kwenye fungu la mashamba yaliyobaki. Jirani alikuwa amejumlisha hesabu za sensa za pale kwao, akakuta wamepungua watu wanne.

Wanne.

"Labda kuna bale balijaza mubaya," alisema. "Siye hatuna wasiwasi, dada, ni weye ulitujazia."

Nikauliza kama watoto wamerudi kutoka shule. Wamerudi, akasema, ndio kwanza wanaingia, viatu vimejaa matope. Akawaita waje wanisalimie, akaiweka simu katikati yao.

"Hi, Auntie!"

Nilizisikia sauti zote sita.