Mguu wa Nanihii

Jina lake halisi liliandikwa kwenye kadi ya kazi, na hapo ndipo lilipobaki. Kila mtu pale kituo cha mbwa alimwita Nanihii, kwa sababu alipokwama katikati ya sentensi, neno pekee lililokubali kumtoka lilikuwa hilo. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Na si kile cha kuchekesha watu kwenye maigizo. Ni kile kinachomfunga mtu koo, macho yakamtoka, na wanaomsikiliza wakaanza kutazama viatu vyao au, mbaya zaidi, wakammalizia sentensi kwa maneno ambayo hakutaka kuyasema.

Miaka tisa aliosha mabanda. Wenye mbwa waliposafiri waliwaacha pale, wengine waliwaleta wafundishwe adabu, na wachache wenye wazimu wao waliwafundisha mchezo wa vizuizi. Mbwa anaruka fito, anapita ndani ya bomba la turubai, anapanda ubao wa pembea, anapenyeza kati ya vijiti kumi na viwili vilivyosimikwa kwa mstari, na mwenyewe anakimbia pembeni akimwonyesha njia bila kumgusa. Kila kizuizi kina namba yake. Mbwa akikosea mpangilio wa namba, anafutwa mashindanoni. Ukiutazama mchezo huo kutoka kwenye uzio utadhani ni rahisi, na wengi wamedhani hivyo mpaka walipoingia ndani.

Tetesi aliachwa pale na mtu aliyesema anarudi baada ya wiki mbili. Alikuwa jike dogo la kahawia, sikio moja limesimama na jingine limekataa. Wiki mbili zikawa miezi sita, simu ya mwenyewe haikupatikana tena, na hakuna mteja aliyemtaka. Basi Nanihii, kila akimaliza kuosha mabanda, akawa anamtoa uwanjani. Jina alilitoa dada yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alipomwona akikimbia kwa mara ya kwanza. "Huyu ni tetesi," alisema. "Anafika kabla hujamtuma."

Kwa kuwa maneno hayakuwa na imani naye, Nanihii alimfundisha kwa mwili. Bega la kushoto likirudi nyuma, Tetesi anageuka kushoto. Kiganja kikielekea chini, anakaa na kusubiri. Na mguu wa kulia ukipigwa chini, anatoka. Watu waliokuja na mbwa wa ukoo, wakipiga kelele "ruka" na "njoo" hadi sauti zinakauka, walisimama kumtazama mwosha mabanda akikimbia na mbwa wa kuokota bila kutoa sauti.

Lakini ule mguu ulikuwa na kazi nyingine, nayo ilikuwa ya zamani zaidi. Alipokuwa mdogo, mama yao alimwambia kwamba neno likikwama, upige mguu chini litadondoka. Mara nyingi kweli lilidondoka. Akapiga mguu shuleni, akapiga dukani, akaupiga siku alipoomba kazi pale kituoni, na baada ya miaka thelathini hakujua tena kama anaupiga. Yeye alidhani amemfundisha Tetesi ishara ya kutoka. Ukweli ni kwamba Tetesi alimsoma, akaona huyu mtu kila akitaka jambo litokee anapiga mguu, akaamua na yeye atoke hapo hapo. Kosa la namna hiyo asingeweza kulifanya mtu mwingine yeyote, na yeye mwenyewe hakuliona.

Mwezi huo mwalimu wa darasa la wanaoanza alihama. Kila mtu alijua nafasi ingekwenda kwa mpwa wa bosi, kijana mwenye maneno mengi ambaye mbwa walimpita kama mlingoti. Nanihii aliandika ombi lake kwenye karatasi, akalipeleka ofisini, akasimama. Bosi alisoma, akacheka kidogo, kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko matusi.

"Sikiliza, Nanihii. Mbwa hawana neno na wewe. Lakini ninaowafundisha hasa ni watu. Mwalimu ni mdomo."

Nanihii hakuondoka. Alisimama pale huku mikono ikinuka dawa ya kuoshea sakafu, mpaka bosi akaona aibu kidogo, akatafuta namna ya kulimaliza.

"Haya. Jumamosi kuna mashindano hapa. Kila mbwa anakimbia mara mbili. Wewe maliza mara moja tu bila kufutwa, mbele za watu, darasa ni lako. Ukifutwa zote mbili, tusilizungumze tena."

Alikubali kwa kichwa. Hakulala vizuri siku nne.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Kabla ya mbwa kuingia, wenye mbwa waliruhusiwa kupita njia kwa miguu, wakihesabu hatua na kugeuza mabega hewani, watu wazima wakicheza peke yao. Nanihii alipita mara nne. Mpangilio ule ulikuwa na mtego mmoja. Baada ya ufito wa pili, mdomo wa bomba ulikaa mbele kabisa ukimwita mbwa, ilhali namba tatu ilikuwa ufito wa kushoto. Mwenye mbwa alipaswa awe amefika pale kabla ya mbwa, bega limegeuka. Akichelewa, mbwa anazama bombani na safari imeishia hapo. Alihesabu hatua zake: saba. Zilitosha.

Alichokisahau ni mshika saa. Mwaka uliopita, wakati kuinua mkono kulitosha kuwa jibu, mshindani mmoja aliinua wake kufukuza nzi, kengele ikapigwa, ikazuka kesi ya wiki nzima. Tangu hapo kanuni ilikuwa moja: mshika saa anauliza "Tayari?", mwenye mbwa anajibu "Tayari" kwa mdomo, kengele inalia, ndipo mbwa anatoka. Mbwa akitoka kabla ya kengele, anafutwa.

"Tayari?" mshika saa aliuliza.

Herufi ya T ilikuwa adui yake wa siku zote. Ilimkaba. Alisikia mtu nyuma ya uzio akikohoa, na mguu wake wa kulia ukafanya kilichofanywa na mguu huo miaka thelathini. Tetesi aliruka ufito wa kwanza kabla kengele haijaguswa, akaruka wa pili, akaingia bombani kwa furaha yake yote, akatokea upande wa pili na kumtafuta Nanihii aone kama amempendeza. Mwamuzi aliinua mikono miwili juu, maana yake umefutwa. Mpwa wa bosi alisema kitu kwenye uzio na wenzake wakacheka.

Dada alimkuta nyuma ya mabanda, kwenye bomba la maji, akinawa uso usio na uchafu. Alikuwa amefunga kibanda chake cha ushonaji siku nzima kwa ajili hii, na hakuwa mtu wa kufunga kibanda ovyo.

"Ni mguu," alisema.

"M-mguu gani?"

"Huo hapo. Umeupiga hata sasa."

Nanihii alitazama chini. Tetesi, aliyekuwa amekaa kando yake, alikuwa amesimama, shingo mbele, akitafuta ufito wa kuruka. Ishara aliyomtolea mbwa na ishara aliyojipa mwenyewe ni moja, na saa moja na nusu haitoshi kumfundisha mbwa nyingine.

"Basi ni-nishike mguu," alisema kwa uchungu.

"Nikushike mimi uwanjani, nifutwe na mimi? Piga goti." Dada aliinama, akamgusa goti la kulia. "Hili liwe chini kwenye nyasi. Mguu uliopigwa goti haupigi kitu."

Nanihii alifikiri. Akapiga hesabu ya hatua zake saba. Anayeanza kutoka kwenye goti anapoteza hatua mbili, labda tatu, na mtego ulikuwa haumsamehe mtu aliyechelewa hata moja. Tena bila mguu, neno lenyewe litatoka lini? Alijaribu kumweleza dada, akakwama, na dada hakumsaidia hata herufi. Alisubiri mpaka mwisho ndipo akajibu.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mdogo wangu. Mimi cha kwenye kabati sikukiona hapa."

Zamu yake ya pili iliitwa saa sita. Alimweka Tetesi kwenye mstari, kiganja cha kushoto chini, akapiga goti la kulia hatua moja mbele yake. Minong'ono ilizunguka uzio. Mtu mmoja aliuliza kama anasali.

"Tayari?" mshika saa aliuliza.

Nanihii alifungua mdomo na koo likajifunga. Alihisi mguu ukitaka kupiga, msuli wa paja ukiruka, kidole gumba kikichimba kiatu, lakini goti lilikuwa ardhini na mguu haukuwa na pa kwenda. Sekunde tano. Kumi. Jasho lilimwingia machoni. Tetesi alimtazama uso, akatazama kiganja, akabaki amekaa. Sekunde kumi na tano. Mtoto alicheka mahali fulani na mtu mzima akamnyamazisha, na kule kunyamazishwa kulimchoma zaidi. Kwa wale waliokuwa wakitazama ilikuwa muda mfupi. Kwake ilikuwa shule nzima, tangu darasa la kwanza.

Ndipo bosi alipopaza sauti kutoka kwenye uzio. Alisema kwa huruma kabisa, na hilo lieleweke, hakuwa mtu mbaya.

"Huyo yuko tayari jamani. Mpigieni kengele."

Mshika saa alimgeukia mwamuzi. Mwamuzi alisita, kisha akaanza kuitikia kwa kichwa. Mkono wa mshika saa ulisogea kwenye kengele, na Nanihii akainua mkono wa kulia, kiganja wazi kuelekea kwao, akautikisa. Hapana. Alikuwa na hasira ambayo hakujua kuwa anayo. Watu wamemsemea vya kutosha. Kama darasa litakwenda, liende, lakini hili neno ni lake.

"T..." alisema. "T... t..." Mshika saa alirudisha mkono. "Tayari."

Kengele ililia. Aliinuka, mguu wa kulia ukakanyaga nyasi, na Tetesi akatoka.

Na kweli alichelewa. Tetesi alimpita akiwa bado hajanyooka mgongo, akaruka ufito wa kwanza, akaenda wa pili, na Nanihii aliona wazi, akiwa hatua ya nne tu, kwamba hatafika. Mdomo wa bomba ulikuwa mbele ya mbwa, mweusi, unaita. Mwingine yeyote pale angepiga ukelele. Yeye hakuwa na ukelele. Kila kitu ndani yake kilimwambia akimbie zaidi, na yeye akasimama. Alisimama wima katikati ya uwanja, ghafla, mikono imetulia.

Tetesi alikuwa tayari hewani juu ya ufito wa pili. Mbwa aliyefundishwa kwa sauti huendelea na safari zake. Tetesi alikuwa amezoea kumsoma mtu huyu kwa pembe ya jicho kila hatua, na mtu huyu alikuwa ameacha kusogea. Alitua, akapunguza, akageuza kichwa nyuma. Pua yake ilikuwa hatua moja kutoka kwenye bomba. Nanihii alirudisha bega la kushoto nyuma, taratibu, na mbwa akajikunja kwa nyuma, akaparua nyasi, akaruka namba tatu.

Yaliyofuata hakuyakumbuka vizuri. Dada ndiye aliyemsimulia: ubao wa pembea uliogonga chini, vijiti kumi na viwili, bomba lilipofika zamu yake halali, na ufito wa mwisho ambao Tetesi aliugusa kwa mguu wa nyuma ukaanguka. Ufito ukianguka ni pointi tano za adhabu. Muda uliowekwa nao walikuwa wameupita kwa sekunde sita, kwa sababu ya kule kusimama. Kati ya mbwa kumi na mmoja waliomaliza, Tetesi alikuwa wa kumi na moja. Mwamuzi hakuinua mikono.

Nanihii alikaa chini pale pale nje ya mstari, mbwa akimlamba masikio, akalia bila kujificha. Alikuwa na furaha na alikuwa amechoka, basi. Bosi alikuja akasimama mbele yake, mikono mfukoni. Mpwa wake hakuonekana.

"Nilisema na nimesema," bosi alianza. "Jumatatu saa mbili asubuhi. Wako saba, na mbwa wao hakuna hata mmoja anayekaa. Lakini niambie, utawafundishaje watu wale? Utawaambia nini siku ya kwanza?"

Nanihii alifuta uso kwa mkono wa shati. Alijua jibu, alikuwa nalo tangu siku nne zilizopita, lakini kulitoa kulimchukua muda, na safari hii hakuharakisha.

"Wi-wiki ya kwanza," alisema, "asi... asiongee mtu. Hata neno."

Bosi alicheka, kisha akaona Nanihii hacheki. Alitazama uwanja, akatazama mbwa.

"Na mimi nikija kuangalia?"

"Hata wewe, bosi."