Bonge la Risasi Uani Kwetu Yombo

Risasi ikigongwa hailii. Chuma kinalia, bati linalia, hata sufuria iliyotoboka ina mlio wake, lakini risasi, ile ya madini si ya bunduki, huipokea nyundo na kutoa mguno mfupi tu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Mwaka niliotimiza miaka tisa huo ndio ulikuwa mlio wa uani kwetu Yombo, na mpaka leo kitu kizito kikidondoka kwenye udongo nageuka kutazama, hata nikiwa katikati ya watu. Wenzangu kazini huniona mwoga. Nawaacha waone hivyo.

Baba yangu alikuwa fundi wa chubwi, vile vizito vidogo vinavyofungwa chini ya nyavu ili zizame. Alinunua risasi kwa watu wa vyuma chakavu, akaiyeyusha kwenye karai juu ya jiko la mkaa, akaimimina kwenye kalibu za chuma, na asubuhi akatoka na mfuko mzito begani kwenda kuwatafuta wavuvi. Kwa kawaida alileta vipande vya kuingia kiganjani. Lakini mwaka ule, wiki moja baada ya mama kusafiri, lililetwa bonge zima kwa mkokoteni. Kwa macho halikuwa kubwa, lilizidi mto wa kulalia kidogo tu, ila wanaume watatu walilishusha huku wakihema na kutukana, na lilipotua ardhi ilibonyea. Karai la baba lisingeweza kulibeba. Ilikuwa lazima likatwekatwe kwanza.

Mama alikuwa amekwenda kwao Masasi kumuuguza bibi. Aliondoka na kanga zake zote, jambo ambalo leo lingenishtua, lakini wakati ule nilichoona ni kwamba sanduku limekuwa jepesi na ninaweza kulisogeza peke yangu. Kila siku nilimuuliza baba mama anarudi lini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maswali yangu nadhani yalimchosha kuliko ule mfuko. Siku bonge lilipofika, nikauliza tena. Akalipiga teke dogo, akasema, "Unaliona hili? Likiisha, mama yako atakuwa kesharudi."

Mkubwa akisema hivyo, anamaanisha muda ni mrefu, usinisumbue. Mimi nililichukua neno lile kama ahadi yenye vipimo.

Kukata risasi kuna ufundi wake. Msumeno haufai, kwa sababu meno yanajaa na kuteleza. Baba alitumia tindo na nyundo, na kila baada ya mapigo machache aliisugua tindo kwenye mche wa sabuni, kwani risasi ni laini na inaikamata tindo isitoke. Alichora mfereji kuzunguka kona ya bonge, akaurudia mpaka ukawa na kina, kisha akapiga pigo moja la ubavuni na kipande kikaanguka. Sehemu iliyokatwa ilimetameta kama kioo, na kesho yake ilikuwa imeshafifia na kuwa ya kijivu kama kwingine. Vipande vilipangwa pembeni ya jiko vikauke vizuri, maana tone moja la maji likiingia kwenye karai, risasi ya moto inaruka. Kazi ikiisha, alinisugua mikono kwa sabuni na mchanga mpaka ikawaka, akanipa kikombe cha maziwa. Maziwa yanatoa sumu, alisema, na mtaa mzima uliamini hivyo.

Sumu hiyo ndiyo iliyonimalizia marafiki. Jirani yetu Bi Shani aliwapigia kelele wanawe ukutani, "Nyie, mkienda kucheza pale kwenye moshi nitawachuna ngozi!" na watoto wengine wakafuata. Likizo ya Desemba ikanikuta peke yangu uani, nasikiliza wenzangu wakicheza rede upande wa pili wa ukuta, nahesabu midundo ya mpira nisiouona. Bi Shani hakuwa na roho mbaya. Kila Ijumaa aliniita kibarazani kwake kunisuka, na nilikuwa nikizifumua nywele mapema makusudi ili aone zimechakaa aniite kabla ya siku. Mikono yake ndiyo pekee iliyonigusa kichwa msimu ule.

Kilichonikera ni mwendo wa baba. Alikata risasi ya wiki moja tu, kila Jumamosi, bila haraka yoyote, kana kwamba hakuna anayesubiriwa. Mwezi ukapita na bonge bado lina ukubwa wa mikate miwili. Nikaona huyu mtu hajui thamani ya ahadi yake mwenyewe. Basi Jumatatu moja alipotoka, nikachukua tindo, nyundo na mche wa sabuni, nikaanza.

Nilikata siku nne. Mkono ulivimba, kidole gumba kikawa cheusi, na mche wa sabuni ukabaki kipande. Vipande vyangu vilikuwa vibaya, vimetafunwatafunwa, lakini vilikatika. Jioni nilivifunika vyote kwa gunia, nikanawa, na baba alirudi amechoka asitazame kitu. Alhamisi nilikata kipande cha mwisho kikawa viwili. Nikafagia uwanja. Nikatoa kanga ya zamani iliyosahauliwa nyuma ya sanduku, nikaitandika kitandani upande wa mama.

Baba aliporudi nilimshika mkono, nikalivuta gunia. "Baba, mie nimelimaliza. Hapa unayeyusha mara moja tu."

Alisimama na mfuko ungali begani. "Nani kakutuma?"

"Si ulisema likiisha mama anarudi?"

Hakunigombeza. Alikishika kidole changu cheusi, akakigeuzageuza. Kisha akachuchumaa kwenye lundo, akachagua kipande kikubwa kuliko vyote, chenye alama nyingi za tindo yangu, akaingia nacho ndani na kukisukuma chini ya kitanda. "Hiki bado," akasema.

Vingine vyote aliviyeyusha. Kile hakukigusa. Zilikuja wiki za kukosa risasi kabisa, tukala uji mchana na usiku, na hakukigusa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili Bi Shani aliponiambia, vidole vyake vikiwa kwenye nywele zangu: "Mama yako kaolewa huko kwao, mwanangu. Baba yako alijua kuwa harudi, tangu siku ile anamsindikiza stendi ya Ubungo." Nilirudi nyumbani, nikachungulia chini ya kitanda. Kipo. Sikumwuliza baba kitu, naye hakuniambia. Tuliishi hivyo, kila mmoja akimlindia mwenzake uongo uleule.

Baba alifariki mwaka juzi. Sasa ninakaa Mikocheni, uani kwetu kuna vigae na mashine ya kufulia, na jiko langu la gesi lingekiyeyusha kipande kile kabla chai haijachemka. Kipo sebuleni, kinazuia mlango usibamizwe na upepo. Mwezi uliopita mama alinipigia simu. Mumewe amefariki, yeye mwenyewe amezeeka, anaomba aje kukaa nami korosho zikishavunwa. Nikamwambia karibu, mama, shikamoo, njoo tu. Nilimaanisha. Nilipokata simu nilikaa sakafuni kando ya mlango, nikapitisha kidole kwenye zile alama, nikalia kama mtoto, na si kwa ajili yake. Msimu mzima ule nilijiona mpweke peke yangu duniani, nikisikiliza mpira nyuma ya ukuta, na hatua tatu kutoka nilipokaa alikuwapo mtu anayekata risasi polepole iwezekanavyo, Jumamosi hadi Jumamosi, ili isiishe. Sikuwahi kumwuliza kama anataka nimshikie tindo.